Jiwe la Baba na Kadi Mpya

Hesabu ilikuwa upande wa Tshokolo, na hilo ndilo lililomkera mkewe kuliko yote. Ukigombana na mume mjinga, angalau unapumua. Ukigombana na mume mwenye kikokotoo mkononi, utasema nini?

"Deni la kadi ni randi elfu hamsini na nane," Tshokolo alisema, akigonga meza kwa kidole. "Benki hii ya pili inatuambia, lihamishieni kwetu, kwenye kadi yetu mpya, na kwa miezi kumi na miwili hatuwatozi riba. Hata senti! Ukichukua mkopo wa kawaida wa miaka mitatu, utalipa elfu ishirini na sita juu. Hizo za kuokota?"

"Sijasema ni za kuokota."

"Sasa unachotaka ni nini, mke wangu?"

Keneuoe aliitazama picha ya kadi kwenye ile karatasi. Alikuwa afisa wa magereza hapo Bloemfontein. Wanaume wenye makovu ya visu shingoni walimwita Mama huku wakiangalia chini. Lakini kipande kile cha plastiki kilimtia hofu. Deni lote lilitokana na mazishi ya baba yake, Desemba iliyopita: ng'ombe, hema, mabasi mawili kutoka Qwaqwa, na chakula cha watu ambao mpaka leo hajui hata majina yao. Kila kilipopungua kitu, macho yalimgeukia yeye, na mkono wake ukaingia kwenye pochi. Msiba ulisifiwa kweli kweli. Waliosifu wakashiba, wakapanda basi, wakaenda zao. Deni likabaki linazaa.

Na sasa lilikuwa limekaa njiani mwa nyumba. Nyumba hii hii waliyoipanga miaka tisa, mwenye nyumba alikuwa anaiuza, na kwa wema wake aliwapa nafasi ya kwanza, mpaka Februari. Benki ya mikopo ya nyumba nayo ilisema waziwazi: lile deni kwenye kadi hii ya zamani life kwanza, ndipo tuzungumze. Lisipokufa, Februari watafungasha vyombo.

"Kwenye kadi mpya tutalipa karibu elfu tano kila mwezi," Tshokolo aliendelea. "Tukijibana, mwaka hauishi tumemaliza. Na benki ya nyumba itaona deni linavyoshuka."

"Tukijibana," Keneuoe alirudia. "Kadi hiyo kikomo chake ni elfu themanini. Sisi tunahamisha hamsini na nane. Hizo ishirini na mbili zinazobaki wazi ni za nani?"

"Si za mtu! Kadi ikifika tunaifungia kabatini."

"Hata ile ya kwanza ilikuwa kabatini."

"Ile ilikuwa msiba. Watu hawafi kila mwaka, bwana!"

Karatasi mbili zilikuwa mezani, moja ya kadi, moja ya mkopo. Ndoa yao ilikuwa ya mali moja na madeni mamoja, kwa hiyo bila sahihi mbili benki haikusogeza kitu. Tshokolo alikwishatia yake kwenye ile ya kadi. Keneuoe aliishika kalamu. Elfu ishirini na sita ni pesa nyingi, jamani, na alikuwa amechoka kubishana na namba. Akaivuta ile karatasi ya kadi.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa baba mdogo Sehloho, mdogo wa marehemu baba yake, na kofia yake kichwani. Nyuma yake alikuja mama yake Keneuoe, taratibu, amechukuliwa kwake Botshabelo kwa gari la mzee. Keneuoe alipoiona ile kofia akajua kuna jambo. Baba mdogo havai kofia ya kwenda kanisani siku ya Jumamosi kwa ajili ya chai tu.

Chai ililetwa hata hivyo, na mikate. Salamu zikaenda zikarudi.

"Mwanangu," baba mdogo alianza, "mwaka unakwisha. Kaka yangu amelala chini ya kibati chenye namba, kama gari lililokamatwa na polisi. Desemba ukoo wote unarudi nyumbani, ndipo tufunue jiwe lake la kaburi. Fundi nimeshaongea naye. Jiwe jeusi, linalong'aa, lenye picha. Elfu ishirini tu."

"Tu?" Keneuoe aliuliza. "Na ukoo unachanga ngapi?"

"Ukoo unachanga kwa kuja."

Keneuoe akafungua mdomo, lakini mzee hakuwa anamtazama yeye tena. Alikuwa amemgeukia Tshokolo, na tabasamu.

"Au mkwe wetu ana neno? Maana wale ng'ombe wawili wa mahari waliobaki, sisi hatujawahi kuwaulizia. Tunakaa kwa heshima."

Ee Mungu wangu! Tshokolo alikuwa na majibu ya benki zote za mji ule, lakini mkwe gani atakaa mbele ya wazee wa mkewe aseme hana? Jasho lilimtoka puani. Akalamba midomo.

"Hapana, Ntate, mzee wangu. Halitashindikana," alisema. "Kuna kadi mpya inakuja."

"Nilijua!" baba mdogo akapiga paja lake. "Huyu ndiye mkwe!"

Keneuoe akamgeukia mumewe. Kikokotoo bado kilikuwa mbele yake. Hata saa haijapita tangu aape habari ya kabati.

"Kadi yenyewe haijazaliwa," Keneuoe alisema polepole, "imeshaliwa."

Tshokolo akainamisha kichwa. Keneuoe alimkasirikia, kisha akamhurumia, kisha akaogopa hasa, kwa sababu kalamu ilikuwa bado mkononi mwake na alibakiza kidogo tu atie sahihi. Akaishika ile karatasi ya kadi akaichana vipande viwili, na vile viwili akavichana tena.

"Baba mdogo, hakuna kadi. Tunachukua mkopo wa miaka mitatu. Pesa inakwenda moja kwa moja kuua deni, na hakuna plastiki ya kuchomoa mtu akiniangalia. Desemba hii hakuna jiwe."

Mzee akaweka kikombe chini. "Unamwacha baba yako chini ya kibati ili ununue nyumba?"

"Ndiyo." Neno lilimtoka, likamuuma.

"Basi siku yako usiniite nije kukuzika."

"Ukinizika wewe, baba mdogo, nani atalipa?"

Mzee akavuta kofia, akachukua na mkate uliobaki, akatoka. Baada ya muda gari likapiga honi nje.

Mama hakuinuka. 

"Huo mkopo ni miaka mingapi?"

"Mitatu, mama."

"Mitatu." Alikitengeneza kitambaa chake kichwani. "Baba yako hana haraka, haendi popote. Mimi ndiye nina miaka themanini na moja. Nilitaka nilisome jina lake pale kwa macho yangu haya."

Machozi yakamlenga Keneuoe. Tshokolo akamgusa bega.

"Labda tungefikiria tena kidogo..."

"Nipe hiyo karatasi ya mkopo."

"Lakini mama anasema..."

"Nimemsikia mama. Nipe."

Akatia sahihi huku haoni vizuri anapoandika, akampa mumewe kalamu. Tshokolo naye akatia yake, bila kugusa kikokotoo. Honi ikalia tena, ndefu, ya hasira.

"Imeandikwa inaisha lini?" mama aliuliza. "Isome kwa sauti hiyo tarehe, mwanangu. Nijue natakiwa niishi mpaka lini."

Keneuoe akafuta macho, akaisoma.