Kikohozi cha Rachidi

Kila jioni baridi ilipoingia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Rachidi alikohoa kwa ufundi, mkono kifuani, mpaka mkewe Sifa amletee chai ya tangawizi yenye asali ya Mponela. Kikohozi gani kisichojua mchana? Sifa akamwita mama yake kutoka Mtandire, kule Lilongwe.

"Pole, mukwe wangu," mama akasema, akimmenyea vitunguu saumu vibichi, kiganja tele. "Tafuna. Usimeze mbio."

Nani atamkatalia mama mkwe? Rachidi akatafuna kwa adabu, machozi yakimtiririka. "Nimeshapona, mama! Kabisa!"

Sifa akapiga funda la ile chai ya mumewe, akashika kifua, akakohoa. "Mama, naona kikohozi njo imenihamia."

Mama hakugusa kitunguu. "Pole, binti yangu. Maliza tu hiyo asali."