Njia ya Kumteremsha Nemesio

Daktari wa Santa Cruz alisema maneno machache tu, na Bi Basilia akayabeba kifuani tangu siku ile kama mtu aliyebeba yai.

"Kama ni lazima mzee aende kule juu, basi asikawie. Mkitoka uwanja wa ndege, teremkeni moja kwa moja mpaka mabondeni. Moyo wake hauwezi tena ile hewa nyepesi."

Nemesio akacheka palepale. "Daktari, mimi mtoto wa El Alto. Hewa ile ndiyo iliyoninyonyesha."

"Ulishaachishwa ziwa zamani, mzee," daktari akamjibu.

Ni kweli Nemesio alizaliwa kule. Ujana wake wote aliendesha basi dogo la abiria, kupanda na kushuka baina ya El Alto, mji wa juu mlimani, na La Paz kule bondeni, na hakuna kona ya mlima ule ambayo hakuwahi kuitukania mtu. Lakini walihamia Santa Cruz kwenye joto, wakazeekea huko, na moyo nao ukazoea kukaa chini. Sasa binti yao Remedios, aliyebaki La Paz, alikuwa na mtoto ambaye hajawahi kuguswa na mkasi tangu azaliwe. Mkasi wa kwanza ni wa babu. Babu asipokuwepo nywele hazikatwi, na mtoto alishaanza kudhaniwa msichana. Basi wakapanda ndege.

Walitua asubuhi, jua kali na upepo wa kukata masikio. Bi Basilia alikuwa na mzigo mgongoni, amefunga kwa kitambaa chake cha mistari, na jicho lake moja halikumwacha mumewe. Nemesio alisukuma kitoroli cha mabegi huku akipiga mluzi. Walipofika mlangoni mluzi ulikwisha. Bi Basilia akasikia ulivyokwisha.

"Teksi, mama! Teksi mpaka chini!" Akawazibia njia dereva mmoja mnene mwenye sweta ya kijani. "Mimi naitwa Ovidio, kila mtu hapa ananijua. Barabara kuu imefungwa, mama, watu wa mitaa ya juu wameweka mawe, wanadai maji. Lakini mimi nakijua kichochoro."

"Kichochoro!" Nemesio akasema. "Hicho kichochoro nakijua hata mimi. Kinapita katikati ya mfuko wangu."

Ovidio akacheka, hakuudhika. Ng'ambo ya pili mwanamke mwembamba mwenye kofia ya pama alikuwa amesimama kwenye mlango wa basi dogo, anataja vituo na kuita abiria kwa sauti ya kupasua chupa. "Ceja, Ceja, San Francisco! Njia nyeupe! Twende, twende, ndiyo tunaondoka!"

"Dada, wanasema kumefungwa," Bi Basilia akamwambia.

"Nani kasema? Hawa wa teksi? Hawa wakitaka hata mvua wanaifunga! Panda, mama, nafasi za mbele hizo."

Bi Basilia akachungulia ndani. Abiria walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa amesinzia mdomo wazi kama mtu aliyekaa humo tangu alfajiri. Basi lile halingeondoka mpaka lijae, na kujaa kwake Mungu ndiye ajuaye. Nemesio yeye alikuwa ameshaligeuzia kitoroli. Hao walikuwa watu wake. Tangu lini mtu aliyekula jasho la basi akapanda teksi kama mgeni?

Simu ikalia. Remedios.

"Mama, msipande gari lolote. Chukueni gari la waya, ule mstari wa njano. Mimi nawasubiri stesheni ya chini."

"Nipande kile kibanda kinachoning'inia kama nguo iliyoanikwa? Kikisimama katikati ya anga na baba yako anahema, nitamteremsha na nini, na kamba ya sketi?"

"Mama, hakisimami."

"Kila kitu husimama, Remedios."

Akakata simu. Akazipima njia zote moyoni. Teksi ina mlango na kiti, na mzee akizidiwa inaweza kugeuza kuelekea hospitali. Lakini kama mawe yapo kweli? Basi dogo ni la watu wao. Lakini lini litaondoka? Gari la waya halijui mawe wala maandamano. Lakini mtu akishaingia humo hawezi kusema nishushe hapa. Na dakika zote hizo walikuwa wangali juu, palepale alipokatazwa kukawia.

"Nemesio, tupande nini?"

Alikuwa ameegemea kitoroli kwa viwiko viwili. Midomo yake ilikuwa imeiva weusi kama ya mtu aliyekula zambarau.

"Chagua wewe," akasema.

Bi Basilia akamkodolea macho. Miaka yote ya ndoa yao mwanamume huyu hakuwahi kumwachia mtu achague njia. Hata kwenda kanisani alikuwa na kona zake. Hata kwenye jeneza la mama yake alibishana na wabebaji wapite upande gani. Na leo anasema chagua wewe, tena kwa upole.

"Ovidio!" akapiga ukelele. "Fungua mlango."

Bei hakuiuliza.

Ndani ya teksi Nemesio alikaa amefumba macho, kichwa kwenye kioo. Ovidio hakuwa mtu wa kuzionea huruma gia. Alizikwaruza mpaka mifupa inauma. Bi Basilia akangoja. Kwa kawaida hapo Nemesio angesema, "Ndugu yangu, hiyo gia inakudai nini?" Wakapita mtaa, wakapita mwingine. Gia zikalia, na mzee kimya. Bi Basilia akaanza kuomba moyoni, si kwa ajili ya barabara, bali mumewe amtukane mtu.

Mawe yalikuwepo.

Yalitanda barabara nzima, makubwa kama vichwa vya ng'ombe, na nyuma yake matairi yanafuka moshi. Wanawake walikaa chini katikati ya lami, sketi zimetandazwa, wanasokota sufi na kugawana mahindi ya kuchemsha. Ovidio akarudi nyuma akakijaribu kichochoro chake, nacho kilikuwa kimemwagiwa kifusi cha udongo usawa wa kiuno. Akarudi tena palepale kwenye mawe, akazima gari.

"Mama, sikukudanganya kuhusu barabara. Kuhusu kichochoro, hapo naomba radhi." Akageuka, akamtazama Nemesio kwa mara ya kwanza sawasawa, na uso wake ukabadilika. "Mzee hajalewa?"

"Hajanywa hata maji. Moyo huo."

"Nimrudishe kwenye zahanati ya huku juu?"

Bi Basilia akafikiri. Zahanati itampa hewa ya chupa, na baadaye? Chupa ikiisha bado watakuwa juu. "Dawa yake ni kushuka," akasema. Na kwa mbali, ng'ambo ya mawe, aliviona vile vibanda vya njano vinapita kimoja baada ya kingine, vinatumbukia ukingoni mwa mlima kama vinavyomezwa.

Akashuka, Ovidio akamfuata. Mkubwa wa wale wanawake alikuwa mama mmoja mwenye kofia ya kahawia na sindano za kufumia mkononi. Hakuinua hata macho.

"Hakuna gari linalopita, dada."

"Nina mgonjwa, mama."

"Leo wagonjwa ni wengi kweli El Alto. Asubuhi kapita mjamzito, na mimba yake ikamdondokea hapo kwenye jiwe. Tulipoiokota ilikuwa mto wa kulalia." Wenzake wakaangua kicheko.

"Njoo umwone mwenyewe," Bi Basilia akasema. "Kama nadanganya, mfumie sweta huyu dereva kwa nywele zangu."

Yule mama akainuka, shingo upande, akaenda kuchungulia dirishani. Alikaa hapo kidogo. Aliporudi sindano alikuwa ameshazitia mfukoni.

"Gari silipitishi. Nikipitisha moja, wenzangu watanitafuna. Lakini mtu anapita. Eliseo! Wewe! Shusha vitunguu vyako, lete mkokoteni!"

Eliseo alikuwa mtu mzima mwenye mikono kama makasia. Yeye na Ovidio wakamtoa Nemesio garini, wakamlaza kwenye mkokoteni juu ya magunia matupu. "Sipandi," Nemesio akasema, na wakati huohuo alikuwa ameshapanda. Hakushika hata ukingo. Bi Basilia akamfunika kwa kitambaa chake cha mistari, mzigo na mabegi akamwachia Ovidio, na mkokoteni ukaanza kupenya katikati ya mawe, gurudumu linalia.

"Jamani viazi hivyo!" akaita mwanamke mmoja, akimwonyesha mzee chini ya kitambaa. "Kilo bei gani?"

"Hivyo ni vile vya kukausha kwenye barafu," mwingine akajibu. "Viloweke vitaamka!"

"Nyamazeni!" mama wa kofia ya kahawia akawakaripia. "Hamsikii anavyohema?"

Wakanyamaza. Na hapo, kwenye kimya kile, wakasikia kweli: pumzi fupifupi, kama ya mbwa aliyefukuzwa. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Wengine wakayavuta mawe kando, wengine wakashika mkokoteni ubavuni ili usirukeruke, wakakimbia nao mpaka kwenye ngazi za stesheni ya gari la waya. Bi Basilia alikimbia nyuma yao, mkono mmoja kwenye mguu wa mumewe, na hata kusema asante hakukumbuka.

Kibanda cha waya hakisimami kumsubiri mtu. Kinajivuta polepole, mlango wazi, na wewe unaruka. Mfanyakazi mmoja wa stesheni na Eliseo walimwingiza Nemesio kama wanavyoingiza godoro, Ovidio akatupia mabegi na mzigo, na Bi Basilia akajikuta ndani kabla hajapata nafasi ya kuogopa. Uoga ulimfikia baadaye, mlango ulipofungwa na ardhi ikaondoka.

Humo walimkuta mwanamume mmoja aliyepakata boksi la keki. Aliwatazama, akalikumbatia boksi.

Chini yao mapaa ya nyumba yalikuwa yanapita, na nguo kwenye kamba, na mbwa juu ya mapaa wanabweka wasisikike. Bi Basilia hakutazama. Alitazama mdomo wa mumewe. Masikio yakaziba, yakazibuka. Wakashuka, wakazidi kushuka, na ile pumzi fupifupi ikaanza kurefuka, ikatulia, halafu ikawa haisikiki kabisa. Kichwa cha Nemesio kikalala begani kwake.

Akaweka kidole chini ya pua yake. Upepo ulikuwa unapenyeza kwenye nafasi ya mlango. Hakujua anachokisikia kidoleni ni cha mtu au ni cha mlango.

"Amelala tu, mama," akasema mwenye keki.

"Huyu halali safarini. Huyu ni dereva."

"Hata madereva hulala."

"Wewe humjui." Na machozi yakaanza kumtoka, akayaacha, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa kidevuni kwa Nemesio na mwingine kifuani, chini ya sweta tatu, unatafuta.

Stesheni ya chini ikawameza. Mlango ukafunguka. Mwenye keki akashuka, akageuka kuwatazama.

"Nemesio, tumefika. Inuka."

Hakuinuka. Kibanda kinajivuta. Mbele kidogo tu kinageuka, mlango unajifunga, na kinaanza kupanda kulekule kilikotoka.

"Nemesio! Kinaturudisha juu! Nemesio!" Akampiga kofi la shavu, yeye ambaye hakuwahi kumpiga. "Shikeni hiki kitu! Kisimamisheni, jamani, kisimamisheni!"

Binti aliyekuwa zamu akabonyeza kitufe.

Kila kitu kikasimama. Ule mngurumo uliokuwa hausikiki kwa sababu hauishi ukaisha, na kimya kikawa kikubwa kuliko kelele. Mlima mzima, toka chini hadi ukingoni, vibanda vyote vikaganda kwenye waya vinabembea, vimejaa watu.

Nemesio akafungua jicho moja.

"Mbona limesimama?"

Bi Basilia akamkumbatia. Binti wa zamu ndiye aliyejibu. "Tumesimamisha kwa ajili yako, babu."

Nemesio akainua uso taratibu, akatazama kupitia kioo kule juu, vibanda vyote vile hewani. "Na abiria wote hao?"

"Wanakusubiri wewe ushuke."

Basi hapo damu ikampanda usoni. Abiria wamekwama njiani na sababu ni yeye! Akashika ukingo wa mlango, akajivuta, akasimama, akayumba. Mwenye keki akaweka boksi sakafuni na kumdaka kwapani. Hatua moja, ya pili, akawa nje kwenye sakafu isiyotembea, amekunja uso kwa aibu. "Ondoeni gari," akasema, sauti haina nguvu lakini ni amri. "Ondoeni, watu wanachelewa."

Bi Basilia alikuwa ameshatoka nyuma yake na mabegi, na mngurumo ukarudi. Remedios alikuwa anakuja mbio akipita katikati ya watu, na nyuma yake mfanyakazi anasukuma kiti cha magurudumu.

"Mgonjwa ni yupi?" mfanyakazi akauliza. Hakuwa mjinga kuuliza, kwa maana midomo ya Nemesio ilikuwa imeanza kupata rangi ya watu, na Bi Basilia ndiye aliyekuwa amekaa chini sakafuni, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, anahema kwa mdomo wazi.

"Huyo hapo," Nemesio akasema. "Msukumeni taratibu, amefanya kazi sana."

Hakuna aliyembishia. Wakamwinua Bi Basilia, wakamketisha. Nemesio akatembea ubavuni, Remedios amemshika upande wa pili, anamwambia kwa sauti ya chini kwamba gari liko nje, daktari anawangoja, na nywele za mtoto zitakatwa siku atakayoruhusiwa kutoka kitandani, si kabla. Bi Basilia hakusikiliza. Alikuwa ameushika mkono wa mumewe, si kiganja, bali pale kwenye mshipa wa kifundo, kidole gumba kimebana. Uligonga, ukasita, ukagonga. Hakuuachia kwenye lifti, hakuuachia kwenye gari, na hospitalini nesi alipomwambia mama tuachie tumpime, alisema, "Pimeni huo mwingine."