Risasi ya Kupelekwa Fizi

Serge alisogeza kando sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaweka picha mbili mezani.

"Shemeji, chagua moja. Fundi anangoja jibu kesho."

Marcelina alikuwa mhandisi. Alisomea Dar es Salaam, na kwa miaka minne sasa alikuwa akifanya kazi katika karakana ya bunduki za uwindaji hapa London. Kazi yake ilikuwa kumsikiliza mteja, kisha kumchagulia risasi inayomfaa. Serge, kaka mkubwa wa mumewe, alihudumia wazee mtaani Edmonton, jijini humo. Hakujua lolote kuhusu bunduki. Lakini jamaa zake wa Fizi, mashariki mwa Kongo, walikuwa wameagiza moja kwa siri kwa fundi wa nchi nyingine: ya masafa marefu, inayojipakia yenyewe kila inapofyatuliwa. Vijana wangekaa nayo mlimani, ili wanaokuja kuchoma nyumba wazuiwe wangali mbali. Fundi alitaka kujua jambo moja tu: itumie risasi ipi?

"Albert, bibi yako anajua bunduki kuliko sombe," Serge alimtania mdogo wake, mume wa Marcelina.

"Sombe nimepika mimi, Yaya," Albert alimjibu kaka yake. "Yeye angeipima na rula."

Marcelina hakucheka. Alikuwa akizitazama picha. Risasi moja ilikuwa nyembamba, ya milimita sita na nusu. Nyingine ilikuwa nene, ile ya bunduki za rashasha za wanajeshi.

"Hii nyembamba," alisema. "Upepo hauiyumbishi sana. Teke lake ni dogo, hivyo mpigaji hulenga tena upesi. Na hufika mbali ikiwa bado na kasi."

Kila neno lilikuwa kweli. Alilolinyamazia pia lilikuwa kweli. Huko Fizi risasi nyembamba haiuzwi, wala hakuna mwanajeshi anayeweza kuiiba kambini. Masanduku ya risasi yatakayosafirishwa pamoja na bunduki yangekwisha, na bunduki ingenyamaza. Ile nene isingekwisha, maana huuzwa kutoka kambini. Nayo bunduki ingehama kutoka mkono hadi mkono, ikateremka mlimani mpaka barabarani, na siku moja ingewalenga wanawake wanaorudi sokoni. Aliona heri inyamaze.

Lakini mama mkwe wake bado aliishi huko, katika kijiji cha jamaa hao.

"Aksanti sana," Serge alisema, akichukua picha. "Nitamwambia mama ni wewe umemchagulia."

"Yaya, ngoja." Albert alimgeukia mkewe. "Kule watazipata wapi?"

Marcelina alianza kukusanya sahani.

"Zikiisha, Marcelina?"

"Hawatapata nyingine."

Serge aliketi tena, polepole. "Ulijua hivyo?"

"Nilijua."

"Mama iko kule, shemeji! Mama yetu!"

"Sijamsahau. Lakini bunduki hiyo haitabaki kwa vijana wenu. Mtu mwenye nguvu zaidi ataichukua, na kijiji kitakachofuata kitakuwa na mama pia. Nilitaka ife mapema."

"Ikifa mapema, mama atalindwa na nani? Na diploma yako?"

"Mhamisheni. Mpelekeni mjini Uvira."

"Amekataa! Kaburi la baba iko pale, hawezi kuliacha. Umesahau alivyokukatia simu ulipomwambia ahame?"

Marcelina hakuwa amesahau. Alimtazama mumewe, akitafuta msaada. Albert alikuwa ameinamisha kichwa.

"Basi sichagui," Marcelina alisema. "Si hii, si ile. Mtafuteni mtu mwingine."

"Hakuna haja ya mtu mwingine," Albert alisema.

Aliichukua picha ya risasi nene, akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili.

"Mwambie fundi ni hii."

"Albert," Marcelina aliita.

"Ni mama yangu."

Serge aliitia picha mfukoni, akavaa koti, akatoka bila kuaga. Albert alimsindikiza hadi kituo cha basi. Marcelina alisikia sauti zao zikishuka ngazi. Walikuwa wakizungumza Kibembe, lugha ya mama yao, ambayo yeye hakuielewa.