Alasiri ya Saa Kumi

Mhadhiri aliilisha mashine rundo la mwisho la karatasi za mtihani, akavua viatu chini ya meza, akasubiri. Mashine hiyo ya akili bandia ililetwa kitivoni mwanzoni mwa muhula ili kuwapunguzia walimu kazi, na kweli ilipunguza. Ilisahihisha, ikajumlisha alama, ikawaandikia wanafunzi maneno ya upole ambayo yeye hakuwahi kupata nafasi ya kuyaandika. Ilipomaliza ikatema kwenye trei ya chini alasiri nzima aliyookoa kwa kutosahihisha mwenyewe.

Ilikuwa alasiri ya saa kumi, rangi ya asali, nyepesi kama shuka lililofuliwa miaka mingi, na bado ina joto. Akaikunja, akaitia mkobani pamoja na chupa yake ya maji. Wenzake nao walikuwa wakikunja za kwao. Mwalimu wa historia alinung'unika kwamba yake ina mawingu.

"Afadhali wewe, ndugu yangu," alisema wa hesabu. "Yangu utadhani imelaliwa na ng'ombe."

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limeshazama. Binti yake, Kidoti, alikuwa amekaa mlangoni, kitana mapajani. Tangu aanze shule nywele zake zilikuwa zikisukwa na mama wa jirani, maana mhadhiri, mama yake, alikuwa akirudi na giza, karatasi kwapani.

"Leo unanisuka wewe?"

"Nani mwingine, mwanangu?"

"Usije ukaniambia subiri kidogo."

"Sitasema."

Akaitandika alasiri sebuleni. Mwanga ukapanda ukutani mpaka kwenye kalenda. Wakakaa katikati yake. Akachana, akapaka mafuta, akaanza upande wa kushoto. Vidole vilikuwa vimesahau, vikakumbuka taratibu. Kidoti alisimulia ugomvi wa darasani kwao tangu ulipoanzia, na hakuna aliyemkatisha. Upande wa kushoto ulipokwisha, simu ikaita. Alikuwa mkuu wa kitivo.

"Daktari, samahani kwa usumbufu. Nasikia mnabeba alasiri majumbani."

"Ni yangu, mzee. Imetokana na kazi yangu."

"Mashine ya nani? Umeme wa nani?" Mkuu alicheka kwa adabu. "Kesho asubuhi niikute ofisini. Tumepokea wanafunzi wa jioni, na ukumbi hauna mwanga. Usiiache imetandikwa, inachujuka. Halafu mkataba wako uko hapa mezani kwangu, sijausahau."

Mhadhiri akaweka simu chini.

"Inuka kidogo, mama," alimwambia mtoto.

Kidoti aliinuka. Alishika pembe mbili, mama yake akashika mbili, wakasogeleana kama watu wanaokunja mashuka. Walipokutana katikati, mama akampokea pembe zake. Sebule ikaingia giza, wakawasha taa.

Tangu hapo chuo huziunganisha alasiri zote kwa sindano na kuzitandika ukumbini kila jioni. Wanafunzi wameongezeka hadi wengine wanakaa madirishani. Mhadhiri anawafundisha usiku ukiwa umeingia, jua la saa kumi likimpiga usoni. Karatasi zao nazo zinasahihishwa na mashine, na tarishi huzoa alasiri mpya kwenye trei kabla hazijapoa. Mkuu wa kitivo amepewa cheti kwa kuwapunguzia walimu mzigo. Kimetundikwa koridoni.

Juzi mwanafunzi wa mstari wa mbele alinyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Mbona hapa mbele pananukia mafuta ya nywele?"

Mhadhiri alitazama chini. Alikuwa amesimama juu ya kipande chake.

"Tuendelee," alisema, akafuta ubao.

Upande wa kulia wa nywele za Kidoti ulimaliziwa na mama wa jirani, na ameshaufumua na kuusuka upya mara kadhaa. Wa kushoto Kidoti hataki uguswe. Nywele zimeota, mistari imepotea, jirani amembembeleza hadi amechoka. Mama yake hurudi na kumkuta keshalala, daima kwa ubavu wa kulia, asije akaubonyeza msuko wa kushoto.