Watu Wanne wa Jina Moja

Asubuhi tuliyokuwa tumtoe Baba nyumbani, tulikuwa na wabebaji wawili tu, na mmoja wao alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta.

Kwetu Gortnaleck mtu hatoki mlangoni mwake kwa mabega ya yeyote tu. Wanne wa kwanza kuinua jeneza lazima wawe wa jina lake la ukoo. Wakifika njia panda, hapo wengine wanaweza kupokea: majirani, watu wa upande wa mama, yeyote mwenye bega. Lakini kutoka ndani hadi njia panda ni ukoo. Ukiwa wa akina Kelly au Gallagher huna shida, utachagua hadi uchoke, na wengine watanuna kwa kuachwa. Sisi tulikuwa Quilvane.

Kwa kadiri tulivyojua, wanaume wa jina hilo waliobaki duniani walikuwa Ba'mdogo Festus, ambaye hakuwahi kuoa, na Austin, mtoto wa ndugu yao mwingine aliyekwisha kufa. Austin ndiye huyo wa kukohoa. Alikuja kwa feri kutoka Manchester na kifua chake kibovu. Baba mwenyewe alizaa mabinti wanne: Attracta, mimi Dympna, Concepta na Imelda. Nasikia kila mmoja wetu alipozaliwa Baba aliuliza, "Mwingine tena?" kisha akaenda kulisha ng'ombe.

Baba aliliringia jina lile kuliko alivyoringia ng'ombe wake, na ng'ombe aliwaringia sana. Babu yetu, mzee Anthony, ndiye aliyempa hadithi yake. Quilvane wa kwanza, alisema, alikuwa mshika bendera wa mfalme. Adui walipomkata mikono yote miwili, aliing'ata bendera kwa meno na kusonga mbele nayo, na ndiyo maana tuko wachache, maana watu wa namna hiyo hawazaliwi kila siku. Parokia nzima iliisikia hadithi hiyo katika kila harusi na kila ubatizo. Concepta alipokuwa mdogo aliuliza mtu huyo alikulaje baada ya vita, akalambwa kofi.

Hospitali, siku mbili kabla hajakata kauli, Baba alinishika mkono. Hakuuliza habari za Mama wala shamba.

"Dympna, wawe wanne," alisema. "Wanne wa jina langu. Usije ukaniacha nibebwe na akina Gallagher."

Nikamwahidi. Ningefanyaje? Tukatangaza redioni, pale wanaposoma majina ya waliofariki, kwamba mwanamume yeyote wa ukoo wa Quilvane popote alipo anaombwa afike Gortnaleck amsindikize ndugu yake. Simu ililia mara moja tu. Mtu alitaka kujua kama trekta la Baba linauzwa.

Basi asubuhi hiyo nyumba ilikuwa imejaa. Saa ya ukutani ilikuwa imesimamishwa, kioo kimefunikwa shuka, na jikoni wanawake wa jirani walikuwa wanaosha vikombe na kukata mikate ya nyama ya nguruwe kama vile jeshi linakuja. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kandokando ya ukuta na chai zao. Baba alikuwa chumba cha mbele, jeneza wazi, rozari mkononi. Padri alishapiga simu kuuliza kama tumeanza safari.

"Sisi tupo wanne," nilimwambia Ba'mdogo Festus. Si mara ya kwanza kumwambia.

"Wanne wa nini?"

"Watoto wake. Tubebe sisi."

"Mwanamke hana jina," alisema Festus. "Analiazima kwa baba yake, akiolewa analirudisha. Attracta huyo hapo sasa ni wa akina Gallagher. Unataka kaka yangu abebwe na Gallagher?"

"Nina masikio, Ba'mdogo," alisema Attracta kutoka kwenye sinki.

"Vizuri. Basi umesikia."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimpe yake, na nilikuwa nayo tayari tangu utotoni, ndipo gari la mizigo likasimama uani. Wakashuka vijana watatu warefu waliovaa suti, wakamshusha bibi kizee aliyevaa koti jeusi. Hatukumjua. Alipita katikati ya watu akimpa kila mmoja mkono na pole ya msiba, kama inavyotakiwa, hadi akafika kwenye jeneza. Hakupiga magoti. Alisimama akamtazama Baba, kisha akanyoosha kidole kimoja na kumgusa sikio.

"Ndiyo," alisema. "Huyu ni Lavelle."

Ba'mdogo Festus akacheka. Alikuwa na kicheko kibaya hata siku za furaha.

"Bibi, umekosea matanga. Akina Lavelle wako ng'ambo ya mlima."

"Najua walipo, nimetoka huko sasa hivi. Mimi ni Sabina Lavelle, kwa kuzaliwa na kwa kuolewa, na hawa ni wajukuu zangu. Nimesikia kwenye redio mnatafuta watu wa ukoo wake. Nimewaleta."

"Tunatafuta Quilvane!"

"Quilvane ni jina la nyumba hii," alisema Bibi Sabina, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni kisima kilipo. "Ni jina la Nora, mama yenu, na la baba yake Nora mwenye shamba. Anthony alizaliwa Lavelle. Alikuwa ndugu yake baba yangu, tumbo moja. Hakuwa na hata robo eka. Alikuja hapa akaolewa."

Akaolewa! Alilitamka neno hilo mbele ya maiti, mbele ya parokia, kuhusu Babu yangu mwenye sharubu, Babu wa bendera na meno. Imelda aliangusha sahani. Hakuna aliyeinama kuokota vipande.

Kwetu jambo hilo linajulikana. Mwanamume akiingia kwenye ardhi ya mkewe, watu humwita kwa jina la ile ardhi, kwanza kwa dhihaka, sokoni na kilabuni, apate kukumbuka nani analisha nani. Wengi huvumilia na kubaki na jina lao. Kumbe Babu alichoka kuvumilia. Bibi Sabina alisema watoto walipopelekwa shule, mwalimu aliwaandika Quilvane kwa sababu ndivyo kila mtu alivyowaita, na Anthony hakumsahihisha. Mwaka uliofuata alikuwa tayari na hadithi ya mfalme.

"Uongo mtupu!" Festus alikuwa amesimama, uso mwekundu mpaka kwenye upara. "Uongo! Peadar, mwambie huyu bibi!"

Peadar Gallagher ndiye mzee kuliko wote pale, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekula Krismasi mezani kwetu miaka na miaka. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Nikamtazama mzee wa pili yake, naye alikuwa anatazama kikombe. Benchi zima, wazee kwa wakongwe, wote macho kwenye chai.

Nilikaa juu ya ndoo ya makaa.

"Mlijua," nilisema.

"Mambo ya nyumba ya mtu, Dympna," alisema Peadar. "Huwezi kumwambia mtu ndani ya nyumba yake."

"Miaka yote! Kila harusi! Bendera, meno, mfalme, na nyinyi mmekaa kimya mnaitikia!"

"Ilikuwa hadithi nzuri," alisema Peadar, na mwenzake akaongeza kwa sauti ndogo, "Nzuri sana, kwa kweli."

Nilimtazama Baba. Nilitamani ainuke angalau awatukane. Kila alipojipiga kifua mbele ya watu hawa, wao walijua, na walimwachia. Sijui hata leo kama ilikuwa heshima au burudani, na nikiwauliza waliobaki wanasema chai inapoa. Iliniuma kuliko kifo chenyewe, nasema kweli.

"Kwa nini uje leo?" Ba'mdogo Festus alimuuliza Bibi Sabina. "Kama ni kweli. Kwa nini hukuja siku zote hizo?"

"Kwa sababu hatukuitwa. Leo mmeita." Akakaa kwenye kiti alichosogezewa. "Na mimi niliwahi kutumwa kumwita baba yenu, nikiwa msichana. Bibi yangu alikuwa amefariki. Mama yake Anthony, mama mzazi. Walihitajika Lavelle wanne, na wanaume waliokuwapo walikuwa watatu: baba yangu na ndugu zake wawili. Nikavuka mlima kwa miguu nikamkuta hapa, pale mlangoni. Akaniambia mimi nimepotea, yeye ni Quilvane, hana mtu huko."

Akafungua kifungo cha juu cha koti lake.

"Siku ya mazishi alikuwa mlimani anakata ule udongo unaokaushwa kwa kuwashia moto. Barabara ya kwetu ya makaburini inapita chini pale pale. Nilimwona kwa macho yangu. Alisimama na sepetu yake akatutazama tunapita, wala hakuvua kofia. Bega la nne lilikuwa la fundi wa kuziba masufuria aliyekuwa anapita njia. Mtu ambaye hatukujua hata jina lake ndiye aliyembeba bibi yangu."

"Kwa hiyo umekuja kulipiza," alisema Mama. Ilikuwa mara ya kwanza Mama kusema neno tangu asubuhi.

"Ningekuwa wa kulipiza, mama, ningekaa nyumbani nikawaacha na wawili wenu."

Ba'mdogo Festus alikaa chini. Alikaa kama mzigo unavyotupwa, mikono katikati ya magoti, akitazama sakafu. Mimi akili yangu ilikuwa inakimbia huku na huku kama kuku aliyeingia kanisani, kisha ikatua mahali pamoja, na nikasimama kutoka kwenye ndoo ya makaa.

"Bibi Nora ndiye aliyekuwa Quilvane," nilisema. "Babu hakuwa. Basi Baba jina amelipata kwa mwanamke. Na wewe, Ba'mdogo, umelipata kwa mwanamke. Hakuna kati yenu aliyelipata pengine. Sasa niambie tena mwanamke hana jina."

"Nyamaza, Dympna," alisema Festus, lakini bila nguvu.

"Nyamaza wewe, shemeji," alisema Mama. "Wewe ni Lavelle."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka akapaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongoni. Mama hakumjali. Alikwenda kwenye jeneza, akamweka Baba vizuri tai yake, akambusu paji la uso, akamwita msimamizi wa mazishi afunike.

"Marehemu alitaka wanne wa jina lake," alisema. "Wapo. Nimewazaa mwenyewe na yeye akaenda kulisha ng'ombe. Attracta, vua hivyo viatu virefu, utamwangusha baba yako."

Austin alisema yeye yuko radhi kabisa kutuachia, na kwa kweli alionekana mtu aliyefutiwa adhabu. Msimamizi wa mazishi alituonyesha namna ya kushikana mabega chini ya mbao. Attracta alikuwa peku, na kulikuwa na umande. Tulipoinua, nilidhani nitavunjika shingo. Hakuna anayekwambia kwamba baba yako ni mzito kiasi hicho, na kwamba mbao zinakukata bega, na kwamba utamsikia dada yako analia karibu na sikio lako na huwezi hata kumgeukia. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za njia. Wanaume walivua kofia. Wengine walituangalia midomo wazi, na nilifurahi, nilifurahi sana. Wapate nao cha kuwashangaza.

Tulimfikisha njia panda bila kusimama. Ba'mdogo Festus hakutoka nyumbani. Nilipogeuza macho nilimwona dirishani jikoni, amekaa vilevile.

Pale njia panda, Padri alipokuwa akitungoja, tukamteremsha juu ya viti viwili, na msimamizi wa mazishi akauliza nani anapokea. Bibi Sabina akawaambia wajukuu zake waende. Wakaenda watatu, wakashika kila mmoja pembe yake, ya nne ikabaki wazi. Peadar Gallagher, mzee wa watu, akaanza kukunja mikono ya koti lake asogee yeye.

Ndipo tukasikia lango la shamba linabamizwa. Ba'mdogo Festus alikuwa anakuja akikimbia, akikatisha malisho, bila koti, viatu vya kanisani vimejaa matope, kofia mkononi. Nikasema moyoni, anakuja kuharibu mazishi. Hata Padri alipiga hatua mbele kumzuia. Festus akampita. Akamsogeza Peadar kwa mkono, bila ukali, akasimama kwenye ile pembe ya nne, anahema.

"Hii ni nafasi ya baba yangu," alisema.

Watu wote walimtazama Bibi Sabina. Yeye alimtazama Festus kuanzia matope ya viatu hadi upara, hakuwa na haraka hata kidogo.

"Amechelewa," alisema. "Haya, shika."