Nani Aliyatia Sumu Mawaridi ya Horace

Kwanza niseme wazi: mimi mawaridi siyapendi. Yana miiba, yana makuu, na kila wiki yanaumwa. Lakini niliolewa na Horace, na Horace alikuja na mawaridi yake kama wengine wanavyokuja na mama mkwe. Nikayapokea, nikanyamaza.

Hapa kijijini kwetu Aldersby chama cha mawaridi kinaogopwa kuliko polisi. Kila Julai tunasimamisha hema nyuma ya kanisa, na majaji wawili wanakuja kutoka mbali na rula zao kupima maua. Ndiyo, rula. Ukishinda miaka mitatu mfululizo, kombe linakuwa lako moja kwa moja. Horace alikuwa ameshinda miwili. Wa pili, miaka yote miwili, alikuwa Desmond Tattersall, jirani yetu wa ng'ambo ya uzio, mgane wa miaka sabini na tatu. Tangu mkewe afariki, Desmond hana mtoto, hana mbwa, ana chama tu. Jumanne mkutano, Alhamisi chai ya chama, siku nyingine zote kubishana na Horace juu ya samadi.

Basi katikati ya Juni, Horace akaingia jikoni uso umemshuka.

"Enid, yanaumwa."

"Nani tena?"

"Yale mekundu. Njoo uone."

Nikaenda na kikombe changu cha chai mkononi. Kweli yalikuwa na hali mbaya. Majani mapya yalitoka membamba kama nyuzi, yamejikunja, yamejisokota, na vichipukizi vimeinamisha vichwa. Horace akapiga magoti, akatoa kioo chake cha kukuzia, akaanza kazi ya udaktari.

"Madoa meusi? Hakuna. Ukungu mweupe? Hakuna. Vidukari?" Akageuza jani. "Hata mmoja!"

"Labda yana kiu."

Alinitazama vile ungemtazama mtu aliyekwambia mtoto wako ana kichwa kikubwa. "Nayamwagilia kila jioni kwa mkono wangu mwenyewe."

Na kweli aliyamwagilia. Tena akaongeza bidii. Jumatatu aliyanyunyizia maziwa yaliyochanganywa na maji. Jumatano, maji ya sabuni. Ijumaa, magadi soda. Jumapili hakwenda kanisani, alikuwa anakoroga supu ya samadi ya farasi, na nyumba nzima ikanuka zizi. Kila dawa aliichanganya kwenye keni yake ya kijani ya kumwagilia, akaimimina polepole, huku akiyabembeleza. Na kila alipozidi kuyatibu, yalizidi kujisokota.

Sasa, Desmond alichungulia juu ya uzio, akaona, akapauka. Kesho yake akagonga mlango na keki ya zabibu kavu.

"Nimesikitika sana, Horace," akasema, macho kwenye viatu vyake. "Sana, kwa kweli."

Horace akaipokea keki kama mtu anayepokea barua ya mahakama. Mlango ulipofungwa, akanigeukia.

"Umeona?"

"Nimeona keki."

"Desmond hajapika keki tangu azaliwe! Mtu asiye na kosa ataleta keki ya nini? Ni yeye, Enid. Amenyunyiza sumu juu ya uzio, upepo ukaileta huku."

"Hebu acha, bwana! Desmond hawezi kuua hata konokono. Anawabeba kwenye ndoo mpaka mtoni."

"Anabeba konokono ili tusimshuku!"

Kuanzia siku ile Desmond, waliyefahamiana naye miaka ishirini na mbili, akawa "Bwana Tattersall". Huku kwetu mtu akianza kukuita bwana fulani, ujue mambo yameharibika. Horace akaandika barua ya kurasa tatu kwa kamati. Kanuni ya tisa ya chama inasema mwanachama anayedhuru mawaridi ya mwenzake anafukuzwa maisha. Kamati ikapanga kikao Alhamisi.

Nilimwona Desmond ameketi jikoni kwake, taa imewashwa mchana, hafanyi lolote. Moyo uliniuma. Nikajua wakimtoa chamani, wamemmaliza.

Jumatano nikaenda kwenye kibanda changu cha vioo kumwagilia nyanya kama kawaida. Nyanya ndizo ninazozipenda mimi, kwa sababu zinalika. Nikakaribia na kusimama pale pale. Majani yake yalikuwa membamba kama nyuzi. Yamejikunja. Yamejisokota.

Haya, Enid, fikiri. Ugonjwa wa waridi hauhamii kwenye nyanya. Na kama ni sumu ya Desmond, upepo gani uliingia kwenye kibanda cha vioo ambacho madirisha yake yamekwama tangu mwaka juzi? Kitu gani kinayagusa mawaridi, na kinazigusa nyanya, na hakigusi kingine chochote?

Nikatazama chini. Keni ya kijani ilikuwa mkononi mwangu.

Loo! Nikakaa juu ya gunia la udongo. Mwezi Mei dada yangu Verity alikuja kunywa chai. Verity ana nyasi safi kama zulia, na zetu zilikuwa zimejaa vimaua vyeupe vya porini. Niliona aibu. Sisi tuko hivyo: mgeni akija, hata bustani lazima idanganye. Nikachukua dawa ya magugu, nikaikoroga kwenye keni ya Horace, nikayanywesha magugu yote. Kisha niliisuuza keni. Naam, niliisuuza. Mara moja. Kidogo.

Kwa hiyo mwezi mzima mume wangu alikuwa anayalisha mawaridi yake sumu kwa upendo, na sumu yenyewe niliiweka mimi.

Nitasema ukweli: usiku kucha nilitafuta njia ya kukwepa. Nilifikiria kuitupa keni mtoni. Nilifikiria kuumwa. Asubuhi nikapiga moyo konde, nikavaa kofia.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Bi Pargeter, mwenyekiti, alisoma barua ya Horace kurasa zote tatu, kisha akauliza, "Bwana Tattersall, una la kujitetea?"

Desmond akasimama.

"Sina," akasema. "Nilipiga dawa ya magugu kwenye njia yangu mwezi uliopita. Nadhani kulikuwa na upepo. Nimekuwa sipati usingizi. Nifukuzeni tu."

"Si nilisema!" Horace akaruka. "Keki ile!"

"Kaa chini, Horace!" nikapiga kelele, na ukumbi mzima ukageuka, maana katika chama hiki hakuna aliyewahi kupiga kelele. "Desmond, na wewe kaa, mpumbavu we, unakiri kosa la mwenzio! Ni mimi. Nilitia dawa ya magugu kwenye keni. Nyanya zangu zimejisokota vilevile, na zimo ndani ya vioo. Nendeni mkazione. Nilifanya hivyo kwa ajili ya Verity, na Verity mwenyewe hakutazama hata nyasi, alilalamikia biskuti tu."

Bi Pargeter akapekua kanuni, akasema kwa huzuni kwamba mimi si mwanachama, kwa hiyo hakuna wa kumfukuza. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Desmond alikaa, akafunika uso kwa mikono, mabega yakamshuka kama aliyetuliwa mzigo.

Tulitembea kurudi nyumbani, Horace mbele, mimi nyuma, nikijua kombe limekwenda na labda ndoa nayo. Yale mekundu hayana dawa zaidi ya kuyapogoa mpaka chini, kuusafisha udongo kwa maji mengi na kungoja mwakani, kama yataamka. Nyanya ndiyo basi.

Getini kwetu akasimama, hakufungua.

"Ungeweza kunyamaza," akasema.

"Ningeweza."

"Wangemfukuza. Hakuna mwingine kijijini anayejua kulea waridi. Ningeshinda kila mwaka mpaka nife."

"Najua, Horace. Nisamehe."

Alitazama ng'ambo ya uzio, kwenye nyumba ya Desmond.

"Kila mwaka, peke yangu," akasema. "Mungu wangu, Enid, ningeongea na nani?"

Akafuta macho kwa kofia yake, kisha akaenda kugonga mlango wa jirani.