Nta Kwenye Mguu wa Yudith

Mguu wa bandia ulipanda juu wenyewe, ukamgeuza Yudith kichwa chini miguu juu mbele ya ufuko mzima wa Matema.

"Toka, dada Yudith," alisema Andendekisye, mwalimu wake wa kupiga mbizi, akimvuta hadi kwenye mwamba. "Hii ni mara ya tatu. Wenzako wote wameshafika chini."

Ziwa Nyasa lilikuwa limetulia tuli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hapakuwa na wimbi la kusingizia. Jaribio lilikuwa moja: kupiga magoti chini, kina cha mita sita, kwa dakika kumi. Akishindwa leo anafutwa kwenye kundi, na mwalimu alishasema hatamwandika tena.

"Si kosa lako. Ziwa siyo la kila mtu. Nyie wa Nyololo na baridi yenu, hata kuoga mnaoga kwa kusukumwa."

Yudith hakuwa mtu wa kujibizana. Chuoni alimaliza miaka mitatu bila kunyoosha mkono darasani. Na tangu lori limkanyage mguu pale Igawa, kila mtu alimwamulia: akae, apumzike, asijisumbue. Leo aliinua uso.

"Usinifute, mwalimu. Baada ya kushindwa mara ya pili nilimpelekea fundi huu mguu, akautoboa matundu manne maji yaingie. Haukupaswa kuelea."

"Mbona umeelea?"

Aliuvua, akavua na soksi yake. Matundu hayakuonekana. Mahali pake palikuwa na madoa manne ya njano, yamesawazishwa kwa kidole gumba. Akanusa. Nta ya nyuki.

Mama! Nyumbani ndoo ikitoboka, mama huiziba kwa nta ya mizinga yake. Jumapili, Yudith alipokwenda nyumbani, mama aliuosha mguu, akaona matundu, akaziba kimyakimya, mwanawe asije akaaibika kwa kutembelea mguu mbovu. Yudith alicheka, kisha macho yakamlowa.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Anayenipenda. Nipe kisu chako."

"Dada, muda umekwisha."

"Nipe kisu, kaka! Sirudi Nyololo kumwambia mama kwamba nta yake ndiyo iliyonishinda."

Andendekisye alimtazama, akafungua kisu kiunoni, akampa.

Yudith alichokonoa tundu moja baada ya jingine. Akauvaa mguu, akauma mpira wa mtungi wa hewa, akajiachia majini. Mguu ulikohoa mapovu, ukajaa, ukashuka naye. Magoti yote mawili yaligusa mchanga. Samaki wadogo wa bluu wakaja kuchungulia matundu.

Dakika kumi zilipotimia, Andendekisye, aliyekuwa ameshuka pembeni yake, alinyoosha kidole gumba juu: tupande sasa.

Yudith alitikisa kichwa. Alionyesha mchanga chini yake, akabaki amepiga magoti.